Jua ni bure, lakini ardhi iliyo chini ya paneli si bure



Tangu mwezi wa sita mpaka wa tisa bonde letu la Ruzizi linakauka. Vumbi inapanda kutoka Kiliba mpaka Luvungi, na mgeni akipita barabarani anasema: "Hapa ni jangwa tu, hakuna kitu." Neno hilo ndilo limenifanya niandike leo.

Sababu ni kwamba wanaojenga vituo vya umeme wa jua wanatafuta mahali pa namna hiyo: tambarare, jua kali, miti kidogo. Jirani zetu wa Burundi wako na kituo cha Mubuga, kule Gitega, megawati 7.5, tangu 2021. Kenya kuko Garissa, kwenye nchi kavu, karibu megawati 50 juu ya hekta 85. Siku moja watakuja kuuliza na kwetu.

Mimi sipingi umeme wa jua. Mwenye pampu ya jua anajua faida yake: mafuta hanunui tena. Ninachokataa ni kusema nchi kavu haina kitu. Huko Marekani, kwenye jangwa la Mojave, walijenga kituo cha Ivanpah, kilichofunguliwa 2014. Ilibidi kwanza kuhamisha kobe waliokuwa wanaishi pale, na baadaye ndege waliungua kwa joto la vioo. Paneli za kawaida haziunguzi ndege, lakini fundisho linabaki: hata jangwa liko na wenyewe. Sembuse bonde letu, lenye njia za ng'ombe, nyuki, majani ya kuezekea na dawa za wazee!

Niliona kosa hilo kwa macho. Mahali fulani waliweka paneli za pampu. Kwanza walikwangua kiwanja chote mpaka udongo mwekundu, eti kiwe safi. Kiangazi kilipofika, vumbi ilifunika paneli, pampu ikapungua nguvu, wakaanza kutumia maji ya kumwagilia kwa kuosha paneli. Mvua iliporudi, maji yalidondoka kwenye ukingo wa paneli, kila siku mahali pamoja, yakachimba mfereji mpaka kwenye muhogo wa jirani. Jembe lao wenyewe ndilo lililowaumiza.

Na dawa yake si ngumu. Acheni majani yaote, yakatwe tu yasipande juu ya paneli. Kondoo wanaweza kufanya kazi hiyo. Mizizi inashika udongo, vumbi inapungua. Maji ya mvua yanayodondoka yaelekezwe kwenye kisima cha kukusanyia. Tena, paneli zikiinuliwa juu, kivuli chake kinalimwa. Kajiado, Kenya, walijaribu kabichi chini ya paneli, na zilinenepa kuliko zile za kwenye jua, kwa maana udongo ulibaki na unyevu. Kwa mboga zetu za kiangazi, hilo ni jambo la kujaribu. Mahindi yanapenda jua, msiyafiche.

Kwa hiyo mtu akija na karatasi ya kukodi shamba la koperative, msitie sahihi siku ileile. Muulizeni mbele ya wanachama wote, wamama na wachungaji wakiwemo: Mtakwangua udongo? Ng'ombe watapita wapi? Maji ya kuosha yatatoka wapi? Tutalima chini yake? Betri zikikufa nani atazibeba, kwa maana risasi ya ndani ni sumu kwa udongo na kwa maji yanayoshuka Tanganyika? Na miaka ikiisha, nani atang'oa vyuma? Majibu yaandikwe kwenye mkataba. Maneno ya mdomo yanabebwa na upepo.

Watu wa Uvira hatujasahau mafuriko ya mwezi wa nne 2020. Tuliona ginsi maji yanavyofanya udongo ukiachwa uchi huko juu milimani. Tusiuvue tena huku bondeni kwa mikono yetu, hata kama ni kwa kutafuta mwanga.