Distribyuta ni Nani?



Neno "distribyuta" linasikika sana siku hizi katika viwanda, mashamba na maduka ya upande wetu huu, kutoka Tororo na Malaba mpaka Busia na Masafu. Fundi wa magari analo lake, mwenye duka analo lake, watu wa umeme wanalo lao, na meneja wa kiwanda naye amejipatia lake jipya. Wote hao hutamka neno moja, lakini hawasemi jambo moja. Tumeona ni wajibu wetu kulichambua neno hili, kwa sababu mfanyakazi asiyejua maana ya neno lililo katika karatasi anayotia sahihi anaweza kuuza haki yake bila kujua.

Tuanze gereji, kwa kuwa huko maana yake ni wazi kuliko kwingine kote. Gari la petroli la aina ya zamani, kama zile Peugeot 404 zilizobeba abiria katika Uganda na Kenya kwa miaka mingi, lina kikombe cheusi chenye nyaya nene juu yake. Hiyo ndiyo distribyuta. Umeme hutoka kwenye betri ukiwa dhaifu, volti 12 tu. Koili huupandisha ukawa maelfu ya volti. Kisha distribyuta huupokea na kuupeleka kwenye plagi, moja baada ya nyingine, kwa zamu. Katika injini nyingi za silinda nne zamu yenyewe ni 1, 3, 4, 2. Kila plagi hupata cheche yake kwa wakati wake. Distribyuta haizalishi umeme, wala haijiwekei akiba. Ikianza kuvujisha au ikikosea zamu, injini hukohoa, hutetemeka, na mwisho huzima. Magari mengi ya siku hizi hayana tena kifaa hicho, lakini kazi yake ni mfano mzuri wa kuupimia ugawaji wa aina yoyote.

Maana ya pili ni ya biashara. Hapa distribyuta ni mtu au kampuni inayosimama kati ya kiwanda na duka. Kiswahili chetu kina maneno kadhaa ya kumwita mtu huyo, na kila neno linauliza swali lake. Tukimwita mgawaji, tunakumbuka kwamba kugawa ni kumpa kila mtu fungu lake. Ndugu zetu Waganda husema okugaba, na mzizi ni ule ule. Basi mgawaji hupimwa kwa haki. Tukimwita msambazaji, tunasema anaeneza vitu kila mahali. Huyo hupimwa kwa umbali anaofika, wala haulizwi nani amepata kiasi gani. Tukimwita wakala, tunasema anafanya kazi kwa niaba ya mwingine. Huyo lazima aulizwe ametumwa na nani. Na tukimwita mchuuzi, tunasema ananunua kwa fedha zake na kuuza kwa bei yake. Neno la Kiingereza huwafunika wote wanne kwa shuka moja. Ndiyo maana wajanja hulipenda.

Hatusemi kwamba distribyuta hana kazi. Mwenye duka dogo la Masafu hawezi kukodi lori mpaka kiwandani Tororo ili anunue mifuko kumi ya saruji. Lazima awepo mtu mwenye ghala, mwenye gari na mwenye mtaji, anunue kwa wingi na kuuza kwa kiasi. Mtu huyo hulipia mafuta, hulipia mlinzi wa ghala, na mvua ikiharibu saruji hasara ni yake. Fungu analochukua kwa kazi hiyo ni halali. Swali ni ukubwa wa fungu hilo, na kama anapitisha mali au anaikalia.

Nchi zetu tatu zilipopata uhuru ziliona haraka kwamba anayeshika ugawaji ameshika uchumi. Kenya mwaka 1965 iliunda Shirika la Taifa la Biashara, KNTC, ili wananchi wapate kuwa mawakala wa bidhaa kama sukari. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliunda shirika la dola, STC, lishike biashara ya jumla. Uganda ikafuata njia ya ukali: Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na maduka yao yakagawiwa wanajeshi na marafiki wa utawala. Watu wakawaita matajiri hao wapya "mafuta mingi".

Wazee wetu wa mpakani wanaikumbuka vizuri miaka ile. Sukari ya Kakira na Lugazi ilipungua sana, na ile iliyobaki iligawiwa kwa vikaratasi vya kibali. Mwenye kibali hakuwa na ghala wala lori. Alikiuza kwa mwingine, naye akamwuzia wa tatu, kabla gunia halijasogea hata hatua moja. Kila mkono uliongeza bei. Mfanyakazi alibaki akitafuta sabuni na chumvi kwa magendo kupitia Busia. Tanzania nayo haikusalimika: bidhaa zilifichwa, bei za ulanguzi zikapanda, mpaka mwaka 1983 serikali ikaanzisha kampeni kali dhidi ya wahujumu uchumi. Funzo letu ni hili: kumbadilisha mgawaji hakutoshi. Awe mgeni au mwananchi, awe mtu binafsi au shirika la dola, asipokuwa na wa kumpima, atajigawia yeye kwanza. Waliosema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama hawakukosea.

Katika umeme pia tumeona jambo hilo. Bodi ya Umeme ya Uganda ilivunjwa mwaka 2001 ikawa makampuni matatu: moja la kuzalisha, moja la kusafirisha, na moja la kugawa. Tangu mwaka 2005 kazi ya kugawa ilikodishwa kwa kampuni ya Umeme, mpaka mkataba wake ulipokwisha tarehe 31 Machi 2025, na kazi ikarudi kwa kampuni ya serikali, UEDCL. Yako maji yanayozalisha umeme kule Jinja, lakini mwananchi wa Tororo au Busia hamjui mzalishaji wala msafirishaji. Anamjua mgawaji tu, kwa sababu huyo ndiye anayekaa mlangoni na kupokea fedha. Anayepokea fedha mlangoni ana nguvu, na nguvu hiyo lazima isimamiwe.

Sasa tufike kwenye maana mpya, na hapa ndipo penye hatari. Dereva aliyeuza soda, mkate au sabuni za kampuni kwa miaka kumi anaitwa ofisini. Anapewa mkono na kuambiwa: "Hongera. Kuanzia mwezi ujao wewe si mwajiriwa tena, wewe ni distribyuta wetu." Anatia sahihi kwa furaha, maana jina ni kubwa. Kesho yake anaamka saa ile ile, anaendesha lori lile lile, anavaa fulana yenye nembo ile ile, anapita njia aliyopangiwa na kuuza kwa bei aliyopangiwa. Kilichobadilika ni kwamba pancha ni yake, chupa zilizovunjika ni zake, na akiibiwa njiani deni ni lake. Likizo imekwisha. Malipo ya ugonjwa yamekwisha. Mchango wa NSSF umekwisha, ule ambao nchini Uganda mwajiri hutoa asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Akivunjika mguu kazini, ataambiwa kwamba mfanyabiashara hujitibu mwenyewe.

Wako pia vijana wanaoambiwa watakuwa madistribyuta wa dawa za lishe au vipodozi, ila kwanza wanunue mzigo kwa fedha zao, kisha wawaingize wenzao ambao nao watanunua. Kijana anayetoa fedha ili apate kazi hajaajiriwa na wala hajawa mfanyabiashara. Amekuwa mnunuzi wa kwanza wa mzigo.

Ndugu zetu, jina halibadilishi kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 na ile ya Kenya ya mwaka 2007 zote zinakubali kwamba mkataba wa kazi unaweza kuwa wa maandishi au wa mdomo. Shirika la Kazi Duniani, katika Pendekezo lake namba 198 la mwaka 2006, limeeleza kwamba uhusiano wa kazi utambuliwe kwa mambo yanavyotendeka, si kwa jina ambalo pande mbili zimelipa. Huko London, tarehe 19 Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki za wafanyakazi, ingawa kampuni iliwaita watu wanaojitegemea. Na Uganda mwaka 2022 ilirekebisha sheria ya NSSF ili kila mwajiri achangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Ndiyo sababu wengine sasa wanaona ni nafuu kumbatiza mfanyakazi jina jipya.

Basi ukiletewa karatasi ya udistribyuta, jiulize maswali haya matano. Nani anapanga bei? Nani mwenye lori na ghala? Nani anapanga saa na njia? Je, unaruhusiwa kuuza mali ya kampuni nyingine? Na hasara ikitokea ni ya nani, na faida ikizidi ni ya nani? Ikiwa bei, lori, saa na njia ni zako, na faida ni yako pamoja na hasara, wewe ni mfanyabiashara wa kweli, nasi tunakutakia heri. Lakini ikiwa vyote ni vya kampuni isipokuwa hasara, wewe bado ni mfanyakazi, na unachopokonywa ni haki zako.

Usitie sahihi siku ile ile. Omba karatasi uende nayo nyumbani, kisha umwonyeshe katibu wa tawi lako. Omba usomewe kwa lugha unayoijua, na kila panapoandikwa distribyuta uliza: mgawaji, wakala, au mchuuzi? Tunza hati zako za mshahara, barua ya kuajiriwa na ratiba za njia, maana ndizo ushahidi wako. Jambo likishindikana hapo kiwandani, lipelekeni pamoja kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Mtu mmoja akienda huonekana mkorofi; tawi zima likienda husikilizwa.

Nasi viongozi wa vyama tunao wajibu wetu. Tusikubali meza ya majadiliano ijae maneno ambayo wanachama hawayaelewi. Kila mkataba wa pamoja uwe na orodha ya nani ni mfanyakazi, na dereva muuzaji aandikwe ndani yake kwa jina la kazi yake.

Mali hutoka mikononi mwetu, viwandani na mashambani. Anayeigawa aitwe kwa jina lake halisi, naye apimwe kwa kipimo kile kile cha injini: amepokea nini, amempa nani, kwa zamu gani, na amebakiza kiasi gani.

Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.