‘NIMEMCHAPA KOMPYUTA’: STAA WA KYELA AACHE KIKI, AKAE KIJIWENI APIMWE

Kuna staa mmoja wa mitandaoni, mtoto wa Kyela kabisa, jina kapuni. Siku hizi picha za ufukwe wa Matema kaziacha, ni drafti tu kwa kwenda mbele. Kaposti skrinishoti ya gemu kwenye simu, levo ya juu kabisa, kashinda. Chini kaandika kwamba ile gemu ina pointi 2400, yeye kaichapa, kwa hiyo yeye ni zaidi ya 2400 na hakuna wa kumgusa kuanzia Kasumulu mpaka Itungi.

Laiki zikamiminika. Sawa, mjini kiki, kila mtu na riziki yake.

Noma ilianza alipotangaza darasa. Shilingi 20,000 kwa kichwa, masomo ya WhatsApp, uwe “mkali kuliko kompyuta”. Na watu wanatuma hela kweli. Wamo bodaboda wa stendi. Yumo dogo aliyetoa kwenye hela ya kokoa ya mama yake, akiamini atakuja kuirudisha kwa kucheza drafti za dau. Alipoulizwa kwenye komenti kwa nini hakai na wazee wa kijiwe, staa akajibu, “Wale wa vizibo? Siwezi kujishusha.”

Haya, ukweli uwekwe mezani.

Hizi pointi zinazotajwa tajwa zina mwenyewe. Aliyezitengeneza ni Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani mzaliwa wa Hungaria, na alizitengenezea chesi, yaani sataranji. Shirikisho la chesi la dunia likaanza kuzitumia mwaka 1970. Hesabu yake haina mbwembwe: ukimzidi mwenzako pointi 200, katika mechi 100 unategemewa kuvuna kama pointi 76, sare ikihesabiwa nusu. Ukimzidi 400, unavuna kama 10 katika kila 11.

Umeona hapo? Pointi haisemi una akili kiasi gani. Inasema unategemewa kumfanya nini fulani, ambaye naye kacheza na fulani, ambaye naye kacheza na wengine. Ni mnyororo wa watu na mechi nyingi. Ukikata mnyororo, namba inabaki pambo.

Sasa hiyo 2400 ya kwenye simu, kaitoa nani? Mtengeneza gemu. Ilicheza na nani wa Kyela? Hakuna. Ni kama debe la mchuuzi. Kila mkulima wa mpunga huku anajua debe la mchuuzi ni la mchuuzi, na mizani ni mizani.

Kuna na hili ambalo staa halisemi. Gemu nyingi za simu zikiwekwa levo ya chini ya uwezo wake zinajilegeza zenyewe. Zinakatwa zisiangalie mbali, au zinachagua mchezo mbovu makusudi. Ndiyo maana inacheza kama bingwa mara kumi, halafu ghafla inakugawia kete mbili bure. Mzee wa kijiweni hafanyi hivyo. Yeye akikupa kete moja, anza kuhesabu, anakuja kula tatu.

Halafu kitufe cha kurudisha kete nyuma kilibonyezwa mara ngapi? Na skrinishoti za kuchapwa ziko wapi? Aliyecheza mara 50 akashinda moja, akaposti hiyo moja, kashindana na aibu yake tu.

Upande wa pili nao usishangilie sana. Wapo wanaosema mashine haina akili, binadamu akikaza anaipiga. Hiyo nayo ni kamba. Mwaka 1996 Garry Kasparov, bingwa wa chesi, aliichapa Deep Blue ya IBM kwa 4 kwa 2. Mwaka uliofuata, New York, ikamlaza kwa 3.5 kwa 2.5. Ilikuwa ikikagua michezo milioni 200 kwa sekunde moja. Mwaka 2006 Vladimir Kramnik, bingwa wa dunia, naye alikula 4 kwa 2 kwa Deep Fritz. Leo programu kali zinaandikiwa zaidi ya 3500, wakati kilele cha Magnus Carlsen ni 2882. Ila hata hapo angalia: hizo 3500 zimetokana na mashine kucheza na mashine zenzake. Ni orodha nyingine. Kwamba zimemwacha binadamu mbali, hilo halina ubishi. Ila tofauti kamili usiitafute kwa kutoa namba ya orodha moja kwenye namba ya orodha nyingine.

Ukitaka mfano wa drafti yenyewe, mtafute Marion Tinsley wa Marekani. Mwaka 1992 London alikaa na programu ya Chinook, mechi 39. Kashinda 4, kafungwa 2, sare 33. Mwaka 1994 wakarudiana, sare sita, akajitoa kwa ugonjwa, na mwaka uliofuata akafariki. Mwaka 2007 waliotengeneza Chinook, Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walithibitisha kwamba pande zote zikicheza bila kosa, mwisho ni sare. Na ile ni drafti ya Kiingereza, kingi anatembea hatua moja moja. Ya huku kwetu kingi anaruka ubao mzima, kwa hiyo majibu ya kule huwezi kuyahamishia kijiweni hivi hivi.

Tinsley alikaa. Mechi zikaandikwa zote, za kushinda na za kufungwa. Hicho ndicho kipimo.

Kwa hiyo staa, dawa ni nyepesi. Jumamosi moja, kijiwe cha stendi. Simu mfukoni. Salimia kwanza, “Shikamoo tata,” halafu kaa. Cheza mechi 20 na mzee mmoja, 20 na mwingine, 20 na dereva wa lori anayesubiri foleni ya Kasumulu. Mtu aandike daftarini kila tokeo. Ukiwazidi, darasa lako lijae mpaka Tukuyu, na hao wazee ndio watakuwa wa kwanza kukutangaza.

Ukigoma, basi rudisha hela za watu, na ya yule dogo wa kokoa iwe ya kwanza.

Wadau, nyie mnasemaje? Nani kashawahi kumwona jamaa kwenye ubao wa kweli? Dondosha komenti.