Ilani ya Meza ya Mwisho

Sisi tunaotoa ilani hii ni wahasibu tusiotimiza miaka mitatu kazini. Tunakaa meza ya mwisho, ile iliyobanwa kati ya mashine ya fotokopi na kabati la mafaili. Wengine tumetoka IFM, wengine Chuo cha Uhasibu Arusha, wengine TIA, na wapo walioanzia dukani kwa mjomba, wakiandika mikopo ya sukari na unga chini ya bango la "mali bila daftari hupotea bila habari". Umoja wetu haujapata jina. Tulibishania jina jioni nzima, mwisho tukaona afadhali kwanza tukubaliane juu ya kazi.

Kilichotukutanisha ni woga. Si woga wa wezi, ni ule mdogo wa kila siku: bosi anapita, anaweka kidole juu ya namba moja na kuuliza, "Hii imetoka wapi?" Namba umeiingiza wewe, jana tu, lakini hujui ilikotoka. Unajibu, "Ndivyo mfumo ulivyotoa, bosi." Hakuna hata mmoja wetu ambaye hajawahi kutoa jibu hilo. Kuanzia leo tunalikataa.

Mwenzetu mmoja alihangaika siku nne na tofauti ya shilingi 270,000 kati ya leja yake na taarifa ya benki. Aliona haya kuuliza. Akaitupa ile tofauti kwenye akaunti ya muda, leja ikalingana na benki, akasifiwa kwa kufunga mwezi mapema. Wakaguzi walipokuja ndipo ikafukuliwa, naye akasimama mbele yao mikono ikimtoka jasho. Chanzo kilikuwa hati moja ya malipo ya 630,000, iliyoingizwa 360,000. Basi.

Aliyemwokoa alikuwa mhasibu mzee aliyekaribia kustaafu. Aliichukua ile 270,000, akaigawanya kwa 9, ikatoka 30,000 bila baki. "Mwanangu, ikigawanyika kwa tisa, shuku tarakimu zilizopishana. Usipoziona, chukua nusu ya tofauti uitafute, huenda kiasi kimeingia upande usio wake." Darasani hatukufundishwa hayo, au tulifundishwa siku tuliyokuwa tunasinzia. Si dawa ya kila kosa, ila yanakupa pa kuanzia, na mwenye pa kuanzia hakai siku nne akijificha nyuma ya kompyuta.

Kwenye kujua pa kuanzia ndiko tunakotaka kujiamini kwetu kutoke. Suti haileti kujiamini huko, wala Kiingereza cha kwenye mikutano. Tunataka kila mmoja wetu aweze kuirudisha namba nyuma, hatua kwa hatua: kutoka kwenye mizania hadi leja, kutoka leja hadi hati ya malipo, na nyuma ya hati aikute ankara, risiti ya EFD, na hati ya kupokelea mali yenye saini ya mtunza stoo. Ikibidi tutateremka stoo tukahesabu mifuko ya saruji wenyewe. Mhasibu asiyejua harufu ya stoo yake anahesabu hadithi.

Tunajua mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, inatusubiri, na tutaifanya. Bodi ile iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na CPA tunaitaka kwa moyo wote, hata wale tuliokwama kwenye karatasi moja mara mbili. Lakini tumewaona wenye vyeti wanaopiga VAT kwa kuzidisha jumla ya risiti kwa asilimia 18. Bei ya 118,000 ambayo kodi imo ndani yake ina VAT ya 18,000, kwa sababu unagawanya kwa 118 kisha unazidisha kwa 18. Ukiipiga kichwa kichwa utapata 21,240, na hiyo 3,240 ya ziada utakuja kuielezea wewe. Vivyo hivyo, tarehe 7 ya PAYE na tarehe 20 ya ritani ya VAT tutazijua pamoja na sababu zake, na kila Julai, Sheria ya Fedha inapobadilisha mambo, tutakaa chini tuisome. Hatutasubiri kusimuliwa.

Kwa kaka na dada zetu wakubwa ofisini, ombi letu ni moja: msituambie "fanya kama mwezi uliopita" kisha mkaondoka. Mwezi uliopita ulikuwa na makosa yake. Dakika kumi za kutueleza kwa nini zinatutosha.

Kwa waajiri tuna maneno mazito kidogo. Msimpe kijana mmoja kazi ya kupokea fedha, kuziandika na kuzilinganisha na benki, kisha mkamuita mwizi zikipungua. Msitupe nywila ya mkuu wa idara "ili kazi iende". Wala msitutake tusaini marejesho ya masurufu ambayo stakabadhi zake hatujaziona. Hatutasaini. Tunasema hivyo tukijua kodi ya chumba inadaiwa na nyumbani wanatungoja mwisho wa mwezi, ndiyo maana tumekubaliana asikatae mtu peke yake. Kwanza atawaeleza wenzake wawili jambo lenyewe, bila jina la mteja wala la kampuni. Kisha ataandika shaka yake kwa bosi, kwa heshima, na abaki na nakala yenye tarehe.

Pia tunaahidi kusema "sijui" mapema. Lakini "sijui" yetu itakuwa na saa: sijui, nitakuletea jibu kesho saa nne asubuhi. Na saa nne ikifika tuwe tumesimama mlangoni.

Tutakutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kila mmoja aje na kosa lake la mwezi huo, lililofutwa majina yote, maana siri ya mteja haihami ofisini. Alieleze lilivyotokea na lilivyopatikana. Kikokotoo uje nacho. Atakayedai hana kosa atachemsha chai, na vikombe ataosha yeye.