Relifu Haikumfanya Mtu wa Kyuso Mvivu

Taja Kyuso, kule kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, mbele ya watu wa Nairobi, au hata mbele ya watu wa Kitui mjini, na kabla hujafika mbali utaletewa habari za relifu. Utaambiwa kwamba watu wa huko wamezoea kulishwa, kwamba wamekaa kitako wakingoja lori la mahindi, kwamba misaada imewalemaza. Mwenye methali mdomoni atakukumbusha kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Imani hii imetuingia hata sisi Wakamba wenyewe. Tunaihubiri makanisani, tunairudia redioni, na viongozi wetu huikimbilia kila wanapoulizwa kwa nini sehemu kubwa ya Mwingi Kaskazini bado inachota maji kwenye mashimo ya mtoni. Mimi naipinga. Ni imani ya uongo, na uongo huo unatugharimu maji, soko na heshima.

Nianze na neno lenyewe, maana ndilo lililobebeshwa mzigo wote. Waingereza huandika relief. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini, relevare, yaani kuinua tena, kupunguza uzito, na liliwafikia Waingereza kupitia Kifaransa cha kale. Katika sheria zao za kikabaila halikuhusu maskini hata kidogo. Lilikuwa jina la malipo ambayo mrithi alimpa bwana wake ndipo aruhusiwe kuishika ardhi ya marehemu baba yake. Magna Carta ya mwaka 1215 iliweka kikomo cha malipo hayo: pauni 100 kwa mrithi wa mwinyi mkubwa, shilingi 100 kwa mrithi wa naiti. Fedha zilipanda kutoka kwa wa chini kwenda kwa wa juu, na hakuna aliyemwita mwinyi mvivu kwa kuzipokea.

Baadaye neno likawageukia maskini. Mwaka 1601 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotaka kila parokia itoze kodi kwa ajili ya watu wake wasiojiweza. Kwa zaidi ya miaka 200 mzee au mjane wa kule alijua kwamba akikwama anaweza kubisha hodi parokiani mwake, hata kama atakachopewa ni kidogo. Ilipofika 1834 waliokuwa wakitozwa kodi hiyo walikuwa wamechoka nayo. Ikaja sheria mpya yenye kanuni moja kali: anayesaidiwa aishi vibaya kuliko kibarua fukara kabisa anayejitegemea. Zikajengwa nyumba za kazi ambamo mume alitengwa na mkewe na watoto wakatengwa na wazazi wao, makusudi, ili mtu aogope kuomba. Hapo ndipo wazo kwamba msaada huzaa uvivu lilipopewa nguvu ya serikali, na waliolipatia nguvu hiyo walikuwa wenye mali waliotaka kodi yao ipungue.

Wazo likasafiri. Njaa ilipoingia Ireland mwaka 1845, Charles Trevelyan wa Hazina ya London alishikilia kwamba msaada mwingi ungewaharibu Waayalandi tabia. Watu wapatao milioni moja wakafa. Mwaka 1877 kusini mwa India, afisa Mwingereza Richard Temple alipunguza posho ya watu wenye njaa waliokuwa wakivunja mawe kwenye kazi za serikali, ikawa ratili moja ya nafaka kwa siku na senti chache. Maafisa wa Kiingereza waliokuja kuitawala Ukambani miaka kadhaa baadaye walilelewa katika mawazo hayohayo. Walituachia neno, na ndani ya neno wakatuachia dharau.

Dharau hiyo haikuwa yetu. Kabla yao, njaa ikiingia, wazee wetu walikuwa na kuthuua: mtu alifunga safari hadi penye chakula, akabadilishana mbuzi, asali, pembe au nguvu za mikono yake. Wanahistoria wanazitaja safari hizo kuwa mojawapo ya mizizi ya biashara ya Wakamba iliyofika hadi pwani. Mmisionari Johann Krapf alipofika Kitui mwaka 1849, mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, ambaye mwaka 1851 aliuawa wakiwa safarini kuelekea mto Tana. Aliyehama kutafuta chakula wakati huo aliheshimiwa kwa kuwaokoa watoto wake.

Sikiliza pia majina ambayo Wakamba wamezipa njaa zao, kwa sababu ni kumbukumbu zinazoaminika kuliko hotuba za mikutano. Ngomanisye ya mwishoni mwa miaka ya 1890 iliua watu wengi kupita kiasi, na walio wengi hawakufikiwa na gunia la yeyote. Kama kukosa msaada ndiko kunakomfanya mtu ajikaze, kizazi hicho kilikuwa na kila sababu ya kujikaza, na bado walizikwa. Mwaka 1961 ukame ulifuatwa na mafuriko, barabara zikakatika, chakula kikadondoshwa kwa ndege. Njaa hiyo ikaitwa ya Ndeke, yaani ya ndege. Kisha ikaja ya 1984. Waliiita Nikw'a Ngwete: ninakufa nikiwa nimeshika. Walichoshika ni pesa. Mtu alikwenda sokoni na noti mkononi akarudi nazo, kwa kuwa hapakuwa na nafaka ya kununua. Watu wavivu hawaiiti njaa jina la namna hiyo. Aliyetunga jina hilo alitaka kununua.

Na ya karibuni tuliiona wenyewe. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022 mvua zilifeli misimu mitano mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Mkulima wa Kyuso alifanya nini katika misimu hiyo? Alipanda. Kabla ya nthwa, mvua za Oktoba hadi Desemba tunazozitegemea zaidi, aliingiza mbegu ardhini ikiwa kavu. Zikakauka. Kabla ya uua, mvua za Machi hadi Mei, akapanda tena. Mbegu hizo alikopa, au aliuza mbuzi kwa bei ya kutupa ili azipate. Mtu anayerudi shambani namna hiyo, msimu baada ya msimu, ana ukaidi ambao wengi wetu wenye mishahara hatuna.

Sasa tuitazame hiyo relifu yenyewe kwa karibu. Siku ya kugawa, magunia hupangwa mbele ya ofisi ya chifu. Kina mama wamefika tangu alfajiri, wengine wametembea kutoka vijiji vya mbali wakiwa na mtoto mgongoni na kiroba kitupu mkononi. Naibu wa chifu husoma majina. Asiyesikia lake hurudi nyuma, akakaa chini ya mti, na haondoki, kwa sababu anajua jirani aliyeitwa atampa chochote njiani. Mahindi hupimwa kwa gorogoro. Yakimwagika, vidole huyaokota punje kwa punje, na mchanga hupepetwa nyumbani.

Chukua familia ya watu sita iliyobahatika kupata nusu gunia, kilo 45. Wakila nusu kilo kila mmoja kwa siku, chakula hicho kinaisha baada ya siku 15, na hapo sijahesabu cha jirani aliyekosa jina. Mwezi unaofuata lori huenda lisije. Niambie ni nani anayeweza kuacha kulima, kuchunga, kuchoma makaa na kutafuta vibarua Mwingi mjini kwa ajili ya kitu kidogo namna hiyo kisicho na ratiba. Mwaka 2005 watafiti wawili, Paul Harvey na Jeremy Lind, walichapisha kupitia taasisi ya Overseas Development Institute ya London uchambuzi wa dai hilihili la utegemezi. Walichokuta ni kwamba misaada ya chakula kwa kawaida ni michache na haiaminiki kiasi kwamba watu hawawezi kuitegemea hata wangetaka. Kwa kina mama walio chini ya ule mti, hilo si jambo geni.

Kuna relifu nyingine ambayo hatuitolei mahubiri. Kila mfanyakazi wa mshahara nchini Kenya anayekatwa kodi ya PAYE hupunguziwa shilingi 2,400 kila mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Kwenye hati yake ya malipo imeandikwa personal relief. Neno ni lilelile, herufi kwa herufi. Mwaka 2020 wakati wa korona serikali iliipandisha nafuu hiyo kutoka 1,408, tena ikashusha kiwango cha juu cha kodi kutoka asilimia 30 hadi 25 mpaka mwisho wa mwaka. Sikusikia mhubiri akisema watu wa Lavington, mtaa wa wenye nacho Nairobi, watazoea. Nafuu hiyo huja kila mwezi bila kukosa, hailetwi kwa lori, haipimwi kwa gorogoro, wala hakuna anayepigwa picha akiipokea. Mwenye mshahara huichukua kama haki yake, na ni haki yake. Anayesomewa jina na naibu wa chifu naye ni raia wa Katiba ileile ya 2010, ambayo Ibara yake ya 43 inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Tofauti tuliyoiweka kati yao wawili ni ya kitabaka, na tumeipaka rangi ya maadili.

Najua nitajibiwa kwa mfano wa Yatta, na ni mfano wa kuheshimiwa. Mwaka 2009 Askofu Titus Masika alianzisha huko Operation Mwolyo Out, mwolyo ukiwa ndio chakula cha msaada kwa Kikamba. Watu walichimba vidimbwi vya maji karibu na nyumba zao kwa mikono, wakapanda mboga na matunda, na leo wanauza. Yeye husema kazi ilianza kwa kubadili fikra. Nasifu kazi yake, lakini natofautiana naye katika maelezo. Kilichoingia Yatta ni maji. Kabla ya maji, fikra zilezile zilikuwa zimewafikisha watu hao hapo walipo, hai, katika nchi kavu. Ukimpa mtu mahali pa kuhifadhi mvua ya Novemba, utaona kwamba bidii ilikuwepo siku zote.

Tena ushahidi wa bidii hiyo umejengwa kwa mawe kote Ukambani. Tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL limejenga na wanavijiji mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui. Machakos, kikundi cha Utooni cha marehemu Joshua Mukusya kilianza kazi mwaka 1978. Bwawa la mchanga ni ukuta unaojengwa kukinga mto wa msimu, msingi wake ukifika kwenye mwamba. Mafuriko yakija, mchanga unakaa nyuma ya ukuta, na maji yanakaa ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Mawe ya ukuta huo yalibebwa na mwethya, kikundi cha kazi za pamoja ambacho wengi wake ni wanawake, bila mshahara. Wanajipanga mstari kutoka mlimani hadi mtoni na jiwe linapita mkono kwa mkono tangu asubuhi. Hawa ndio tunaowaita waliokunja mikono.

Kwa nini basi imani hii haifi? Kwa sababu inawafaa wakubwa. Gunia hupigwa picha, na mwaka wa uchaguzi hubandikwa sura ya mtu. Bwawa la mchanga limezikwa chini ya mto, halina mahali pa kubandika sura. Na ikiwa tatizo la Kyuso ni tabia ya watu wake, basi hakuna haja ya kuuliza kwa nini tahadhari za kila mwezi za Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame zinasomwa na kuwekwa kando mpaka ng'ombe waanze kuanguka. Hakuna haja ya kuuliza kuhusu ndengu pia. Kitui inaongoza Kenya kwa kuzalisha ndengu, na serikali ya kaunti chini ya Charity Ngilu iligawa mbegu mwaka 2018 kwa shangwe kubwa. Lakini mavuno yakiingia wakulima wote huuza kwa wakati mmoja, kwa dalali aliyekuja na mzani wake, kwa kuwa ada ya shule haingoji na ghala la kuhifadhia hakuna. Miezi michache baadaye mkulima huyohuyo hununua chakula kwa bei ya juu. Hapo ndipo njaa yake hutengenezwa, sokoni, katika mwaka wa mvua nzuri, na wakati huo hakuna anayemtazama.

Nawaomba wahariri na wahubiri waache kuandika na kutamka kwamba watu hawa wamezoea kulishwa, mpaka watakapomleta mmoja anayelishwa. Na kwenu watu wa Kyuso, Kamuwongo, Ngomeni na Tseikuru: kila mwaka makadirio ya bajeti hufikishwa mbele ya bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria inataka mwananchi asikilizwe kabla hayajapitishwa. Nendeni kwenye vikao hivyo. Ulizeni ni mabwawa mangapi ya mchanga yameandikwa humo kwa jina la sehemu yenu, na ghala la ndengu litajengwa wapi na lini. Mkijibiwa kwa habari za uvivu, ombeni jibu hilo liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kisha rudieni swali.