Tuwasomeshe Nini Vijana Wetu Katika Dini za Wengine?

Ndugu zangu Waislamu, na hasa nyinyi wazee mnaotuamini watoto wenu, mwezi huu napenda tulizungumze jambo ambalo baadhi yenu mmeniuliza kwa uchungu: ya nini kumsomesha kijana wa Kiislamu dini za watu wengine, ilhali hata yake hajaimaliza?

Swali hili lina haki yake. Mtoto asiyezijua nguzo za imani, wala hajapambanua fardhi na sunna, hafai kutiwa katika somo hili. Ndiyo maana tumeazimia kulianza kwa waliokwisha kuhitimu na kusoma tauhidi, wa miaka 14 na kuendelea. Lakini wazee mjue kwamba vijana hao wamo somoni tangu zamani, tukiwa na habari au tusiwe nazo. Shuleni wakaa dawati moja na Wakristo, na usiku husikiliza katika simu zao mabishano ya mihadhara, ambamo aghlabu mshindi ni mwenye sauti kubwa. Na ni nyumba ngapi zetu zenye nyanya au mjomba Mkristo? Kijana aliyezoezwa kuwacheka Wakristo atakwenda kumwamkia nyanya yake kwa uso gani?

Wala somo hili si jambo jipya katika Uislamu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alijifunza Kisanskriti, akaketi na wanavyuoni wa Kihindu, na mnamo mwaka 1030 akaandika kitabu kikubwa juu ya itikadi zao, akizieleza kama wazielezavyo wenyewe. Al-Shahrastani, aliyefariki mwaka 1153, alikusanya habari za dini na madhehebu katika Al-Milal wan-Nihal. Ibn Hazm wa Andalusi alikuwa mkali zaidi. Yeye aliandika ili ajibu. Mimi kwa vijana nachagua njia ya Al-Biruni kwanza, na majibu yaje baadaye, kwa kuwa huwezi kulijibu neno ambalo hujalisikia.

Sisi wa pwani hii twaujua uchungu wa kuelezwa na wengine. Mwaka 1923 kasisi Godfrey Dale, wa misheni ya Kiingereza ya Unguja, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, na ndani yake akatia maelezo ya kuipinga. Wazee wetu walikasirika, na walikuwa na haki. Kazi ya kujibu kwa tafsiri yetu wenyewe ilishikwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947 kabla ya kuikamilisha. Na mwaka 1969 ikatoka tafsiri kamili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Je, tuwafanyie wengine lile lililotuudhi? Basi kipimo chango cha kila somo ni hiki: lau mwenye dini ile angeketi nyuma ya darasa, angesema, "Naam, ndivyo tuaminivyo"?

Ukristo utachukua masomo mengi kuliko zote, kwa kuwa ndio jirani yetu wa karibu. Hapo yapasa kufuta maneno mengi ya barabarani. Mathalan, vijana husikia kwamba vitabu vya Biblia vilichaguliwa kwa kura katika mkutano wa Nikea mwaka 325. Si kweli. Mkutano ule ulibishania mafundisho ya Arius juu ya Mwana na Baba. Na hata leo Waprotestanti wana vitabu 66, Wakatoliki 73, na Waethiopia zaidi. Kijana akiitumia hoja ile mbele ya Mkristo aliyesoma, ataaibika, na huenda akadhani kuwa dini yake ndiyo iliyoshindwa. Vilevile Mkristo hasemi kwamba ana miungu watatu. Asema ni Mungu mmoja katika nafsi tatu. Muislamu hayakubali hayo, na darasani tutasema waziwazi kwamba hatuyakubali, wala hatukubali kwamba Nabii Isa alisulubiwa. Sikusudii kuzipika dini zote chungu kimoja.

Wahindu na Makalasinga watapata masomo machache, angalau vijana waache kuwachanganya. Neno Banyani ni la wafanya biashara, si jina la dini. Na Makalasinga hujiita Sikh, yaani wanafunzi, wafuasi wa Guru Nanak aliyezaliwa mwaka 1469, nao humwabudu Mungu mmoja. Wazee wa kaya za Wamijikenda pia wasisahauliwe. Hilo jina "Mungu" tunalolitumia kila siku ni ndugu wa Mulungu wao.

Adabu ya somo imekwisha kuwekwa. Aya ya 108 ya Suratul An'am yakataza kuwatukana wanaoabudiwa na wengine, na atakayetukana atatoka nje siku hiyo.

Limebaki somo moja nisilolipatia mahali, nalo ni la madhehebu yetu wenyewe: Masuni, Maibadhi, Mashia. Kwa ajabu, wazee waliokubali upesi nisomeshe habari za Wahindu ndio waliopandisha sauti kwa hili. Kamati ya madrasa itakaa juu yake katika mwezi wa Rajabu, na wenye rai waniletee kabla ya hapo.