Mashine Ikisoma Nyota, Kijana Atajifunzia Wapi?

Wapo vijana wanaouliza kama bado kuna maana ya kusomea astronomia, ilhali akili mnemba huchambua picha za anga kwa kasi isiyofikiwa na jicho la mwanadamu. Swali lao ni la haki. Jibu langu ni kwamba kazi ya mwanaastronomia haitatoweka. Kilicho hatarini ni ngazi yake ya kwanza.

Tazama kituo cha Vera C. Rubin kilichoko juu ya mlima Cerro Pachón, nchini Chile, ambacho mwaka 2025 kilionyesha ulimwengu picha zake za kwanza. Kimekusudiwa kukusanya takribani terabaiti 20 za data kila usiku, na kutoa taarifa za mabadiliko ya angani zinazoweza kufikia milioni 10 kwa usiku mmoja. Hakuna jopo la watu liwezalo kuzipitia zote. Hapo mashine haimnyang'anyi mtu kazi, bali hufanya ile ambayo bila yake isingefanyika.

Hata hivyo, tusijidanganye. Zaidi ya karne moja iliyopita, Henrietta Leavitt alifanya kazi katika kituo cha Harvard, Marekani, akipima mwangaza wa nyota kwenye vioo vya picha. Ilikuwa kazi ya kuchosha yenye ujira mdogo. Lakini ni katika kuvizoea vioo hivyo alipotambua kanuni iliyochapishwa mwaka 1912: kwamba baadhi ya nyota, kadiri zinavyong'aa zaidi, ndivyo zinavyochukua muda mrefu zaidi kung'aa na kufifia tena. Kwa kanuni hiyo wanaastronomia waliweza kupima umbali wa galaksi nyingine. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Je, tukiikabidhi mashine kuinama kote, Leavitt wa kesho atafundwa wapi?

Isitoshe, mashine yenyewe hufundishwa na watu. Programu iliyogundua sayari ya nane ya nyota Kepler-90, mwaka 2017, ilikuwa imefunzwa kwa ishara 15,000 zilizokwisha kuchunguzwa na wanadamu. Asiyewahi kuchunguza kwa mkono wake atajuaje kwamba mashine imekosea?

Kwa hiyo, vyuo vyetu vimtake mwanafunzi apime mwenyewe kwanza, kisha ndipo aikaribishe mashine. Nawe kijana, shika hisabati, takwimu na uandishi wa programu. Taarifa zile za Rubin zimekusudiwa kuwa wazi kwa walimwengu wote. Lango li wazi, lakini halipitiki kwa asiye na intaneti wala mwalimu wa hisabati. Kuvidai hivyo viwili kwa viongozi wetu ni wajibu wa kila raia, hata yule asiyewahi kugusa darubini.