Kitabu Unachokiweka Maktaba ya Umma Ni Sadaka Inayoendelea

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, leo nataka tuzungumze juu ya sadaka ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa sadaka. Ukitaja sadaka inayoendelea, akili zetu zinakwenda moja kwa moja kwenye kisima, msikiti, mazulia na vipaza sauti. Yote hayo ni kheri. Lakini katika Hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), Mtume (s.a.w.) ametaja mambo matatu yasiyokatika mtu anapofariki: sadaka inayoendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema anayemwombea mzazi wake. Sasa tafakari. Kitabu kimoja kizuri, kikiwa mahali ambapo watu wanakisoma, kinakusanya mawili kati ya hayo matatu. Na mwanao akikua anasoma, huenda ukalipata na la tatu.

Mahali hapo ninapopasema si kabati la nyumbani kwako. Ni maktaba ya umma.

Hapa kwetu Singida tunayo Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba. Bodi hiyo ilianzishwa kwa sheria mwaka 1963, nchi ikiwa na miaka miwili tu tangu uhuru. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akaifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na babu na bibi zetu wakakaa chini ya miti kufundishwa herufi baada ya kutoka shambani. Nchi ilikuwa maskini, barabara mbovu, lakini waliona kwamba kitabu si anasa ya matajiri.

Swali langu kwako: mara ya mwisho umeingia maktaba lini?

Wapo wanaoingia, Allah awalipe. Yupo mzee mstaafu anayefuata magazeti. Yupo kijana wa kidato cha nne ambaye kwao wanalala watu watano chumba kimoja, na maktaba ndiyo meza yake pekee. Yupo mwalimu anayetafuta kitabu ambacho shule yake haina. Hawa ndio walinzi wa maktaba, hata kama hakuna aliyewapa cheo. Maana maktaba isiyo na wasomaji hugeuka stoo, na stoo hakuna anayeitetea siku fedha zinapogawanywa.

Nikiyasema haya, huwa naletewa hoja. Nitazijibu moja baada ya nyingine.

HOJA YA KWANZA: "Sheikh, ile ni ya serikali, wanaingia watu wa dini zote. Sadaka yangu si bora ibaki kwa Waislamu?"

Ndugu yangu, Umar bin Khattab (r.a.) alipopata shamba kule Khaybar alimtaka ushauri Mtume (s.a.w.), kisha akaliweka wakfu. Miongoni mwa wanufaika walikuwa masikini, wageni na wasafiri. Na sisi watu wa Singida tunajua thamani ya maji. Ukichimba kisima Ikungi au Mkalama, utasimama pale na fimbo ukimuuliza kila anayeteka anaswali msikiti gani? Hutafanya hivyo. Utafurahi kuona ndoo zimepanga foleni, na hata mbuzi wa jirani akinywa unatarajia malipo kwa Allah. Basi na kitabu ni hivyo hivyo. Kiu ya akili nayo ni kiu.

HOJA YA PILI: "Mle kuna vitabu vya dini nyingine na hadithi za kubuni. Watoto wataharibika."

Mtume (s.a.w.) alimwamuru Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi, akawa msomaji na mwandishi wa barua zake. Zayd hakupotea. Ndiye aliyekuja kupewa kazi nzito ya kukusanya Msahafu. Na baada ya vita vya Badr, wanasimulia waandishi wa Sira, mateka wasio na mali ya kujikomboa waliambiwa kila mmoja afundishe watoto kumi wa Madina kusoma na kuandika. Walimu wale walikuwa washirikina waliokuja na panga juzi tu. Mtume (s.a.w.) hakusema, "Tusubiri kwanza tupate walimu wetu."

Ama hadithi za kubuni, mchagulie mtoto kulingana na umri wake, kama unavyomchagulia chakula. Lakini usizitupe zote kwenye kapu moja. Shaaban Robert alikuwa Muislamu wa Tanga, na maandishi yake yamejaa maadili. Mtoto wa Kiislamu asiyemjua Shaaban Robert amenyimwa urithi wake mwenyewe.

Na kama rafu hazina vitabu vyetu, nani wa kulaumiwa? Rafu haijijazi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alituachia tafsiri ya Qur'ani nzima kwa Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1969. Sheikh Al-Amin Mazrui wa Mombasa alianza kuwaelimisha watu kwa magazeti miaka ya 1930. Wao walifanya kazi ngumu ya kuandika. Sisi tumebakishiwa kazi nyepesi ya kununua nakala na kuiweka mahali inapoonekana.

HOJA YA TATU: "Siku hizi kila kitu kipo kwenye simu."

Simu ina kheri yake, na hivi sasa unanisoma humo. Lakini simu inataka bando, inataka chaji, na mtoto akifungua somo la jiografia pembeni kuna tangazo la kubeti. Kitabu hakimwiti mtoto kwenye kamari. Na kijana asiye na simu naye ana haki ya kusoma.

HOJA YA NNE: "Kwanza tujenge maktaba yetu misikitini."

Sikatai. Ila tuambiane ukweli. Misikiti mingi ina kabati la vitabu. Limefungwa, ufunguo yuko nao mtu mmoja, na huyo mtu kasafiri kwenda Dodoma. Vitabu vimeliwa na mchwa, na wakfu wa marehemu umelala. Maktaba ya umma ina jengo, ina mkutubi aliyesomea kazi yake, ina daftari la kuazima na kurudisha. Tukianza kwa kuitumia hiyo, tutajifunza namna ya kuendesha na ya kwetu.

Mwaka 1903 pale Mombasa ilifunguliwa maktaba yenye chumba cha kusomea bure, ikaitwa kwa jina la Seif bin Salim. Na kule Timbuktu, nchini Mali, mwaka 2012 mji ulipoingiliwa na watu wenye silaha, walioziokoa hati za kale hawakuwa askari. Walikuwa wenye maktaba za familia, wakutubi, madereva na wenye mitumbwi, watu wa kawaida. Walizipakia kwenye masanduku ya bati, wakazitoa mjini kidogo kidogo hadi Bamako, roho zao mikononi. Mwanzoni mwa 2013 baadhi ya hati zilizobaki zilichomwa moto, na waliochoma nao walikuwa wanaswali. Zingatia hapo. Swala haimzuii mjinga kuchoma kitabu ikiwa hajawahi kukipenda.

Sasa nitasema neno ambalo baadhi ya wazee wangu wa kamati hawatalipenda. Kama zulia la msikiti wenu bado zima, na vipaza sauti vinasikika mtaa wa tatu, basi mchango wa mwaka huu usiende tena kwenye zulia na vipaza sauti. Nunueni vitabu. Msikiti wenye zulia jipya na vijana wasiopenda kusoma ni msikiti unaojiandaa kuwa mtupu.

Tufanye nini? Haya hapa:

1. Ingia maktaba wewe mwenyewe, na umchukue mtoto. Ulizia siku na saa zao, na utaratibu wa kujiandikisha. Mtoto anayemwona baba anasoma hahitaji hotuba.

2. Kabla ya kutoa kitabu, muulize mkutubi kinachohitajika. Usipeleke vitabu vilivyochanika ili usafishe nyumba yako. Katika Suratu Al-Imran Allah ametufundisha kwamba hatuufikii wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda.

3. Baada ya mavuno ya alizeti au vitunguu, tenga thamani ya ndoo moja ya mafuta au gunia moja. Nunua kitabu cha kiada, kamusi, au kitabu cha afya na kilimo. Ukipenda, nuia thawabu zake kwa mzazi wako aliyetangulia.

4. Watoto wa kike waende pia. Shifaa bint Abdillah (r.a.) alimfundisha kuandika Bi Hafsa, mke wa Mtume (s.a.w.), na Mtume hakukataza. Usimzuie binti yako maktaba halafu umruhusu kukesha na simu.

5. Kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, nyanyua mkono. Mtoto wa Itigi au Kiomboi hawezi kupanda basi kila wiki kuja kusoma mjini. Muulize diwani wako chumba cha kusomea katika kata yenu kitapatikana lini, na useme uko tayari kuchangia. Viongozi wanatimiza haraka yale wanayoulizwa mara kwa mara.

Dada yangu, kaka yangu, Wahyi wa kwanza ulianza na amri ya kusoma. Ulimshukia Mtume asiyejua kusoma, katika jamii yenye wasomaji wa kuhesabika, na bado Allah akaanza na hilo. Sisi tuliofundishwa herufi tangu utotoni tutajibu nini tukiulizwa tulizitumia kwa lipi?

Ee Allah, tunakuomba elimu yenye manufaa, riziki ya halali na amali yenye kukubaliwa. Wabariki wanaosoma, wanaofundisha, wanaotunza vitabu na wanaovitoa. Wajaalie watoto wa Singida wawe wepesi wa kushika kitabu kuliko tulivyokuwa sisi. Aamin.

Ukishatoa kitabu au kumpeleka mtoto maktaba, niandikie hapa chini. Jina la kitabu linatosha, jina lako liache kwa Allah. Huenda mwenzako akasoma naye akafuata.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.